Mikono Mgongoni

Kwa miaka kumi na tisa nimefundisha anatomia katika shule ya wauguzi hapa Kasongo, na kwa miaka yote hiyo kila mwanafunzi aliyesimama kukariri mbele yangu alisimama akiwa na mikono mgongoni. Hiyo ilikuwa sheria yangu ya kwanza. Sikutaka mtu apunge mikono kama anayeuza samaki. Mikono nyuma, kidevu juu, na maneno yatoke kama yalivyoandikwa. Aliyebadilisha neno moja nilimkata alama moja. Aliyebadilisha mawili nilimkalisha.

Naitwa Emile. Nina hasira za karibu, hilo mke wangu Nadine atakuambia hata usipomuuliza. Nina baiskeli, nina mashati mawili ya kufundishia, na nina daftari moja la jalada la kijani ambalo watu wa shule walilijua kabla ya kunijua mimi. Shule yetu haina vitabu. Mwalimu husoma kutoka daftari lake, wanafunzi huandika, mwaka unaisha. Lile la kijani nililiandika mwenyewe nilipokuwa mwanafunzi, na nililitunza ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na cheti changu cha ndoa.

Haya ninayosimulia yananiaibisha. Nitayasema hivyo hivyo, maana nikianza kuyapamba nitajikuta nimejitetea.

Mwaka jana aliingia darasani kwangu Mama Régina wa Lusangi. Namwita Mama kwa sababu alikuwa na miaka thelathini na minane, watoto wanne, na mikono iliyokwisha kupokea watoto wa watu wengi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Alikuwa mkunga katika kituo kidogo cha afya cha kwao kwa miaka kumi na miwili, bila diploma. Kisha wakubwa wa kituo wakamwita wakamwambia: leta karatasi, la sivyo nafasi yako tutampa mwingine. Wakampa mwaka mmoja wa kuonyesha kwamba masomo anayaweza. Akaacha watoto kwa dada yake, akaja kukaa benchi moja na wasichana wa umri wa binti yake.

Hakuweza kunifuata nilipokuwa nikisoma. Wenzake waliandika ukurasa mzima, yeye alikuwa na mistari mitatu na mchoro. Siku moja nilipita kati ya mabenchi nikaona daftari lake, nikasimama. Lilikuwa limejaa picha. Mifupa ya mguu imechorwa, na pembeni kuna maneno ya wimbo wa kutwanga mpunga, kila mfupa na pigo lake la mchi. Moyo umechorwa na vyumba vyake vinne, damu chafu kwa kalamu ya biki ya buluu, damu safi kwa biki nyekundu, na mishale midogo inazunguka kila mahali. Wakati wa mapumziko nilikuwa nimemwona nyuma ya choo akifinyanga figo kwa udongo, akinung'unika huku anatingisha kichwa. Nilidhani amechoka akili.

“Hii ni nini, Mama?” nikamuuliza.

“Mwalimu, miye sijuwe kushika kitu kwa sikio tu,” akasema. “Zamani tulipata mafunzo ya wakunga, siku tatu. Mama mumoja wa Kindu alitufundisha kusoma na ubongo muzima. Jicho lichore, kinywa kiimbe, mukono uguse, muguu utembee. Tangu siku ile, ndiyo namna yangu.”

“Ubongo muzima!” nikasema, na nikageukia darasa. “Basi siye wengine wote tuko na nusu?”

Darasa likacheka. Wanafunzi arobaini wakicheka kwa ajili yako ni kitu kitamu, nakiri. Ningeishia pale, dhambi yangu ingekuwa ndogo. Lakini yeye hakucheka wala hakukaa. Aliweka kidole juu ya ule mchoro wa moyo.

“Niko na swali, mwalimu. Nimefuata damu na biki, vile ulitusomea. Inatoka mu mwili, inaingia moyo upande wa kuume, inaenda mu mapafu kujisafisha. Kisha kaye yako, ile daftari ya kijani, inasema inarudia chumba cha juu cha kuume. Pale tena inaenda mu mapafu. Inarudia kuume. Mu mapafu. Sasa mu mwili itafika siku gani?”

Lilikuwa swali jepesi, la kujibiwa kwa kidole. Ningeinama nikaufuata ule mshale mara moja tu, mambo yangekwisha. Lakini mtu ambaye amesoma daftari moja kwa miaka kumi na tisa hasikii swali, anasikia dharau. Damu ikanipanda, na sijui ilipanda kupitia chumba gani.

“Ulikuja kusoma ao kunifundisha?” nikamwambia. Nikalichukua daftari lake, nikaliinua juu ili hata wa nyuma waone. “Tazameni! Mutu muzima, mama wa watoto wanne, anachora kama mutoto wa maternele, wa chekechea! Kesho atatuletea na chupa ya kunyonya!”

Tangu siku ile wakamwita Mama Michoro. Daftari sikumrudishia. Nilimwambia atalipata mwisho wa mwaka, akainama, akakaa, akaomba karatasi tupu kwa jirani yake.

Mtihani ulipofika, swali la mzunguko wa damu lilikuwa na alama nane kati ya ishirini. Wote waliandika kama nilivyowasomea, chumba cha juu cha kuume, neno kwa neno. Mama Régina peke yake aliandika kwamba damu ikitoka mapafuni inaingia kushoto. Niliikata ile sentensi kwa biki nyekundu mpaka karatasi ikapasuka. Akapata sifuri pale, akabaki na alama nane za maswali mengine. Chini ya kumi, mtu anaitwa kusema kwa mdomo mbele ya walimu watatu, na hiyo ndiyo nafasi yake ya mwisho.

Aliingia Jumanne asubuhi, amevaa kitambaa safi kichwani.

“Mikono mgongoni,” nikasema.

Akaiweka. Akaanza na mifupa ya mkono, akasema mitatu, akanyamaza. Niliona mabega yake yanacheza, yaani mikono ilitaka kuja mbele na yeye anaizuia. Akaanza upya, akakwama palepale.

“Mwalimu, nakuomba, uniruhusu mikono tu.”

“Mikono haiko na kinywa, Mama.”

Mwenzangu mmoja alikohoa na kutazama dirisha. Mama Régina alirudisha mikono nyuma; hata sasa nikikumbuka natamani kutoka nje ya nyumba. Nikaandika nne. Mchana ule alifunga mfuko wake nyuma ya pikipiki akarudi Lusangi. Orodha ya walioshindwa ilikuwa ipelekwe Kindu, kwa wakubwa wa jimbo, Jumatatu saa sita mchana. Jina lake likishafika kule, kituo chake kingempa mtu mwingine nafasi yake, na miaka kumi na miwili ya kazi ingekuwa imekwisha.

Jumatano alasiri nilikuwa nyumbani nikipanga vitu vyangu, nikakuta daftari lake. Nitasema ukweli nilichotaka kufanya. Nilitaka kumwandikia mkurugenzi wetu, Mama Naomie, ripoti fupi kuhusu wanafunzi wanaoleta michezo darasani, na nilitaka kuonyesha kosa la ule mchoro kwa njia ya Mama Régina mwenyewe, ya kutembea, ili aibu iwe kamili. Nikachota majivu jikoni, nikachora moyo mkubwa uani, vyumba vinne. Nikaweka nyungo mbili upande mmoja ziwe mapafu. Upande wa pili Nadine alikuwa amekaa akichambua mchele, nikasema moyoni huyu atakuwa mwili. Nikaanza kutembea, daftari langu la kijani mkononi, nikifuata kila neno.

Kutoka kwa Nadine nikaingia kuume juu. Nikashuka kuume chini. Nikaenda kwenye nyungo. Nikarudi kuume juu, kama ilivyoandikwa. Nikashuka, nikaenda kwenye nyungo. Nikarudi. Nikashuka.

“Baba Chimène, unatafuta nini?” akauliza Nadine.

“Ninasoma.”

“Unasoma na miguu?” Akaendelea kuchambua kidogo, kisha akasimamisha mkono. “Unaniambia miye ni mwili. Lakini unazunguka pale kama mbuzi wa kamba, hata mara moja hujarudi huku. Kama ni hivi, miye nimekwisha kufa zamani.”

Nilicheka. Kisha nikaacha kucheka. Nikasimama katikati ya chumba cha kuume na majivu kwenye vidole vya miguu, nikaangalia vyumba viwili vya kushoto ambavyo hakuna mtu aliyevikanyaga. Vilikuwa safi kabisa. Moyo wa binadamu una nusu mbili, na mimi nusu moja sikuwahi kuitumia kwa miaka kumi na tisa. Nilitaka kufuta yale majivu kabla jirani hajachungulia.

Nikampigia simu Salomon. Tulisoma pamoja, sasa ni muuguzi Kabambare, na ukurasa wa moyo katika daftari langu niliunakili kutoka kwake. Wiki ile ya somo la moyo nilikuwa nalala na malaria, na alasiri moja ya mvua alinipa lake akasimama mlangoni akinihimiza kwa sababu pikipiki ilikuwa inamngoja. Mtihani wetu mwaka ule haukuuliza habari ya moyo. Nikamwomba anisomee ule ukurasa. Akautafuta, akanisomea taratibu:

“Damu hutoka mapafuni na kurudi moyoni katika chumba cha juu cha kushoto, hushuka chumba cha chini, husukumwa mwili mzima na kurudi moyoni katika chumba cha juu cha kuume.”

“Kurudi moyoni” mara mbili. Jicho langu lilikuwa limetoka kwenye ya kwanza likatua kwenye ya pili, na mwili mzima ukapotea katikati.

“Salomon,” nikasema, “miye niliruka musitari.”

Halafu akacheka mpaka simu ikakwaruza.

“Kumbe ni vile! Emile, wanafunzi wako wanakuja huku Kabambare mu staji, kufanya mazoezi ya kazi, kila mwaka. Siku ya kwanza ninawauliza juu ya moyo. Unajua wananijibu nini? Wananiuliza, unataka moyo wa Mungu ao moyo wa mwalimu Emile?”

“Wanajua?”

“Wote wanajua. Wakubwa wanawaambia wadogo. Kwa Emile andika kuume, kwa mugonjwa fuata kushoto. Usiogope, hakuna mutu alikufa. Hakuna mutu alikuamini.”

“Na weye, juu ya nini hukuniambia?”

Hapo aliacha kucheka. “Nani anaweza kukuambia kitu, Emile?”

Basi mtu angedhani baada ya hapo nilikwenda moja kwa moja kutengeneza. Sikwenda. Nililikalia jambo lile siku nzima, na Ijumaa niliingia ofisini kwa Mama Naomie nikasema nimekosea kujumlisha alama za Mama Régina, zilikuwa kumi na sita, si nane. Alinitazama juu ya miwani yake, akasema nilete karatasi Jumatatu asubuhi airekebishe. Nikatoka nikiwa na furaha ya mwizi aliyerudisha kuku kabla mwenyewe hajaamka. Jumamosi nikapanda pikipiki ya Bulaimu, dereva ninayemjua, kwenda Lusangi kumpa Mama Régina habari njema. Barabara ilikuwa tope tupu. Tulisukuma kuliko tulivyopanda, na Bulaimu aliniuliza mara mbili ni mgonjwa gani ninayemkimbilia.

Nilimkuta amekaa kando ya mkeka wa mpunga uliokuwa unaanikwa, anafukuza kuku. Alisimama aliponiona. Aliniletea kiti, akaniletea maji ya kunawa uso na kikombe cha maji ya kunywa, akamwambia binti yake apike. Ningefurahi zaidi kama angenitukana.

“Mama Régina, umepita,” nikasema. “Kulikuwa kosa la hesabu.”

“Kosa la hesabu wapi, mwalimu?”

“Mu kujumlisha.”

“Ile swali la damu ulinipa ngapi?”

Nikanywa maji. Nikanywa tena, na kikombe kilikuwa tupu.

“Ulinipa sifuri,” akasema. “Sasa unanipa nane. Nane hazipotei mu kujumlisha.”

Nikamwambia yote. Majivu, nyungo, Nadine, mstari ulioruka, kicheko cha Salomon. Nilisema kwa sauti ya chini, nimeinamisha kichwa, na mwishoni nikasema naomba msamaha. Lilikuwa neno ambalo kinywa changu hakikulizoea, nililisema vibaya. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akarusha kijiti kwa kuku aliyekuwa amepanda mkeka.

“Mwalimu, ulinitukana mbele ya watu makumi ine. Sasa unakuja kuniomba musamaha mbele ya kuku?”

Nikainama nikaokota kile kijiti.

“Kazi yangu ninaitaka,” akaendelea. “Unajua namna gani ninaitaka. Lakini nikipita kwa kosa la hesabu, ule moyo wako unabakia mu kaye. Mwaka kesho utawasomea wengine, na mwenye kuuliza utamufanya sawa vile ulinifanya. Hapana. Useme kule mu darasa, mbele ya watu. Kama husemi, uache jina langu liende na wenye kushindwa.”

Chakula kilikuja, bugali na sombe ya majani ya muhogo, nikala kwa sababu kukataa kungekuwa tusi lingine. Nilipotaka kuondoka nilimrudishia daftari lake, nikamwomba aje darasani Jumatatu asubuhi. Alilipangusa jalada kwa kiganja ingawa halikuwa na vumbi.

Jumatatu saa moja asubuhi nilikuwa ofisini kwa Mama Naomie. Nikamwambia nilimdanganya Ijumaa, nikamwambia kwa nini. Akaniuliza kama naelewa kwamba barua ya namna hiyo ikifika Kindu naweza kuondolewa kwenye somo langu. Nikasema naelewa. Nikaandika, nikasaini. Wengine waliojibu kama nilivyowasomea aliwaachia alama zao, akasema hatawaadhibu kwa kunitii. Jina la Mama Régina akalihamisha mbele ya macho yangu, akapiga muhuri.

Halafu nikaingia darasani. Jumatatu ya mwisho wanafunzi huja na madaftari yao ili niyatie sahihi kabla ya kufunga mwaka, kwa hiyo wote walikuwapo. Mama Régina alikuwa benchi la nyuma, upindo wa kitenge chake una tope kavu la njia. Sikukaa mezani. Nilisimama pale wanaposimama wanaokariri, na bila kufikiri nikaweka mikono mgongoni.

“Ukurasa wa moyo,” nikasema. “Kuna mstari ambao niliuruka nilipokuwa na umri wenu. Mama Régina aliuona. Aliniuliza, nikamtukana. Alikuwa na haki, mimi sikuwa nayo. Mama Régina, mbele ya hawa waliosikia, naomba unisamehe. Na ninyi, chukueni biki mrekebishe.”

Nikangoja waandike. Hakuna aliyechukua biki. Walitazamana, wakatazama meza. Nikashuka kati ya mabenchi kwa Soraya, msichana anayeshika nafasi ya kwanza darasani, aliyeniandikia kuume bila kukosea hata nukta. Uso wake ulikuwa umeiva kwa aibu, yangu na yake. Akafungua ukurasa wa mwisho kabisa wa daftari lake. Kulikuwa na moyo wa vyumba vinne, buluu na nyekundu, mishale inatoka mapafuni kwenda kushoto na kufika mwilini. Ulikuwa mchoro wa Mama Régina, umenakiliwa kutoka karatasi alizochora upya. Jirani yake akafungua la kwake. Wa nyuma yake pia. Benchi baada ya benchi, kurasa za mwisho zikafunguka, na kila moja ilikuwa na ule moyo. Walimcheka ili kunifurahisha mimi, kisha wakaenda kujifunza kwake.

Nikarudi mbele. Nilitaka kuukariri ule mstari kwa sauti, mara moja tu, kwa usahihi, kwa miaka yote ile. Nikasema, “Damu hutoka mapafuni,” na hapo maneno yakaniacha. Nikaanza tena. “Damu hutoka mapafuni.”

“Mwalimu,” akasema Mama Régina kutoka nyuma, kwa upole, kama anavyomwambia mwanamke aliyeshikwa na uchungu. “Utoe mikono mugongoni.”

Nikaitoa. Sikujua niiweke wapi, kisha kidole kikafuata mshale hewani, kutoka mapafuni kwenda kushoto.